Kutambua mbegu za ngano kwa mafuta yake: shajara ya mradi, Agosti 2023 hadi Machi 2024

14 Agosti 2023 – kwa nini nimeanza

Kuna mzee wa Karatu ambaye msimu uliopita alinunua mbegu akaambiwa ni Chiriku, akapanda, shambani zikatoka za urefu wa aina tatu na nyingine zikawahi kukomaa wiki mbili kabla ya wenzake. Akaniuliza, "Kijana, nyie wa maabara hamwezi kuzijua kabla sijazipanda?" Punje ukiziangalia kwa macho zote ni ngano tu, labda kidogo rangi na umbo, na hata hapo unahitaji mtu aliyezishika miaka ishirini.

Nikasema ngoja nijaribu mafuta. Watu wengi hawajui ngano ina mafuta, lakini ipo nayo asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa punje, sehemu kubwa kwenye kiini na tabaka la nje. Na mafuta hayo yameundwa na asidi kadhaa zenye mpangilio wake: asidi ya linoleiki ndo bosi, zaidi ya nusu, halafu palmitiki kama asilimia 17 hadi 20, oleiki inafuata, linoleniki kama 4, steariki kidogo sana. Ulaya ngano ya kale inayoitwa speliti inajulikana kwa kuwa na oleiki nyingi kuliko ngano ya mkate, kwa hiyo wazo langu si la kichaa, nikadhani kama mafuta yanatenganisha speliti na ngano ya kawaida basi labda yatanitenganishia Chiriku na Juhudi.

Mpango: mbegu nne (Chiriku, Mbayuwayu, Juhudi, Riziki), mashamba matatu (Karatu, Monduli, West Kilimanjaro). Ingetakiwa sampuli 12, nimepata 10, mbili hakuna aliyezilima. By the way mmegundua ngano zetu zina majina ya ndege? Chiriku, Mbayuwayu, Tausi, na Wakenya nao wana Mbuni na Tai. Mtu wa mbegu nadhani alikuwa anaangalia dirishani.

2 Septemba 2023 – kukamua

Hii hatua haina stori nyingi. Gramu 10 za unga, mililita 50 za hekseni (kimiminika kinachoyeyusha mafuta), tikisa saa moja, chuja, rudia mara mbili, acha hekseni ipae kwenye chemba ya hewa (msifanye hii jikoni jamani, hekseni inashika moto kwa cheche ya swichi). Nimepata gramu 0.16 hadi 0.19 kwa kila sampuli, yaani karibu asilimia 1.7. Hayo ni yale mafuta huru tu, mengine yameng'ang'ania kwenye wanga na protini na hekseni haiyafikii. Kwa sasa sina shida nayo. Itakuja kunipa shida baadaye lakini sikujua.

Kusaga nimetumia brenda ya nyumbani, ile yenye kikombe kidogo cha viungo. Andikeni hilo pembeni.

19 Septemba 2023 – karanga

Raundi ya kwanza kwenye kromatografia ya gesi, GC, mashine inayozitenganisha asidi za mafuta na kuchora kila moja kama kilima kwenye karatasi, sampuli 10, shoti moja moja, yaani kila sampuli imepita kwenye mashine mara moja. Elfu 15 kwa shoti kwenye maabara niliyokodi mashine. Karatasi ya kwanza ikatoka nikaruka. Juhudi ya Karatu ina oleiki asilimia 29! Ngano yenye oleiki 29! Nikaanza kuwaza jina la kuupa ugunduzi wangu.

Dada anayeendesha mashine akaangalia ile karatasi kama nusu dakika, akaniambia, "Mdogo wangu, hivi hii umeisagia wapi?" Nikamwambia nyumbani. "Na kabla ya hapo mlisaga nini?" Nikanyamaza. Mama alisaga karanga za mboga Jumamosi.

Alijuaje? Kwenye mwisho wa karatasi kulikuwa na vilima vidogo vitatu ambavyo mimi niliviona nikavidharau, asidi zenye kaboni 20, 22 na 24 zilizoshiba haidrojeni. Hizo kwa ngano ni kama hakuna, ila karanga inazo, ndo alama yake, na karanga ina oleiki nyingi sana. Yaani kikombe kilichooshwa kwa sabuni bado kilikuwa na mafuta kwenye raba ya chini, na Juhudi ya Karatu ndo ilikuwa ya kwanza kusagwa ikabeba mzigo wote, iliyofuata ikabeba kidogo, ya tatu kidogo zaidi, ukizipanga kwa mpangilio wa kusaga unaona karanga inashuka kama ngazi.

Raundi nzima nimetupa. Laki na nusu imeenda. Nimenunua kinu kidogo cha mkono, elfu 85, hakigusi kitu kingine chochote, na kabla ya kila sampuli nasaga punje kiasi cha ile ile sampuli nazimwaga, ndo nasaga za kupima.

Kitu kingine cha siku hiyo: kuna kilima kikubwa kilikuwa kinatokea kwenye kila sampuli hata kwenye hekseni tupu. Ni kilainisha plastiki kutoka kwenye vichupa vya plastiki nilivyohifadhia, hekseni inakivuta. Nimehamia glasi, kimeondoka.

11 Oktoba 2023 – sabuni

Raundi ya pili nayo imekufa, na hii imeniuma zaidi kwa sababu sikuwa na uchafu wowote.

Ili mafuta yapite kwenye GC lazima uyageuze kuwa esta za methili, ndo zinapaa vizuri. Njia rahisi ambayo wengi wanatumia ni potasi iliyoyeyushwa kwenye methanoli, unatikisa dakika mbili joto la kawaida, umemaliza. Nikaifanya. Matokeo: sampuli za Monduli zote zina vilima vifupi, kama nusu ya mafuta yamepotea njiani, na za West Kilimanjaro zimejaa. Nikafurahi tena (sijifunzi mimi), nikadhani ni tofauti ya shamba.

Kumbe tofauti ilikuwa kabati. Za Monduli nilizisaga mwanzo wa Septemba kujaribu kinu kipya cha mtu, nikaziacha kama unga kwenye mfuko wiki tano. Za West Kilimanjaro nilizisaga jana yake. Ngano ikishasagwa vimeng'enya vya kwenye pumba vinakutana na mafuta na kuanza kuyakata, asidi zinakuwa huru, ndo maana unga wa ngano nzima unachacha haraka kuliko unga mweupe. Sasa ile potasi inageuza vizuri asidi ambazo bado zimefungwa ndani ya mafuta, lakini asidi iliyokwisha kuwa huru haiigeuzi kuwa esta, inaifanya sabuni. Sabuni inabaki chini kwenye methanoli, wewe unachota hekseni ya juu unapeleka kwenye mashine, na nusu ya mafuta yako umeiacha kwenye chupa.

Marekebisho, na haya chukueni kama yalivyo:
Nasaga na kukamua siku hiyo hiyo, ikishindikana unga unaingia friza. Nimeacha potasi, natumia asidi ya salfuriki asilimia 2 ndani ya methanoli, nyuzi 70, saa moja, chupa imefungwa vizuri. Inachukua muda lakini inageuza vyote, vilivyofungwa na vilivyo huru. Na naweka asidi ya kaboni 17, kiasi kinachojulikana, kabla ya kuanza kitu chochote, maana ngano haina hiyo, kwa hiyo ikipungua mwishoni najua nimepoteza mafuta na nimepoteza kiasi gani. Ningekuwa nayo tangu mwanzo ningejua kwenye karatasi ya kwanza.

Laki na nusu nyingine.

18 Novemba 2023 – jibu ambalo sikulitaka

Mwezi mzima umeenda na mgao wa umeme. GC ukiizima katikati lazima uisubiri itulie upya masaa, na mara mbili ilizimika na sampuli ndani. Ila nimemaliza, sampuli 10 mara tatu tatu, shoti 30, karatasi safi, hakuna karanga, hakuna sabuni.

Linoleiki ziko kati ya 57 na 61, palmitiki 17 hadi 19, oleiki 14 hadi 17, linoleniki 3.6 hadi 4.8. Kila kitu kiko pale pale panapotakiwa kuwa, yaani ngano ya kawaida kabisa.

Nikaingiza kwenye R, programu ya takwimu, nikachora ile PCA, mchoro unaozikusanya namba zote kwenye ramani moja ili zinazofanana zikae karibu. Makundi yakatokea, mazuri tu, matatu. Nikasema mbona matatu wakati mbegu ni nne? Nikaweka rangi. Ni mashamba. Karatu huku, Monduli huku, West Kilimanjaro kule. Ndani ya kila kundi mbegu zimechanganyikana kama abiria wa daladala.

Chiriku ya Karatu linoleiki 58.1, Chiriku ya West Kilimanjaro 60.4. Mbegu moja, tofauti 2.3. Lakini Chiriku na Juhudi zilizolimwa Karatu shamba moja tofauti yao ni 0.6, na nikirudia sampuli ile ile mara tatu zenyewe kwa zenyewe zinatofautiana 0.5. Sasa hapo unatambua nini?

Sababu ukiifikiria ipo wazi. Mmea ukijaza punje kwenye baridi unatengeneza mafuta ambayo hayajashiba kwa wingi zaidi, ili utando wa seli usigande, na lile shamba la West Kilimanjaro liko juu, asubuhi unavaa koti. Halafu kuna ukubwa wa punje. Monduli mvua ilikata mapema punje zikasinyaa, na punje iliyosinyaa ina wanga kidogo lakini kiini chake na pumba viko pale pale, kwa hiyo sehemu ya mafuta ya kiini inakuwa kubwa. Nilipima uzito wa punje elfu za kila sampuli baada ya hapo na Monduli ndo nyepesi kuliko zote. Nilitakiwa kupima kabla.

Nimempigia mzee. Nimemwambia shikamoo mzee, nikamweleza kwamba mafuta yananiambia ngano ililala wapi lakini hayaniambii ni mtoto wa nani. Akacheka akasema, "Basi nikiibiwa gunia nitakuita." Kwa shida yake mwenyewe nimemwelekeza kwenye protini za gliadini, hizo ukizipitisha kwenye jeli ya umeme zinatoa mistari ambayo kila mbegu ina ya kwake na hali ya hewa haiivurugi, ni njia ya miaka mingi, au vinasaba moja kwa moja kama hela ipo.

6 Desemba 2023 – nimegeuza mwelekeo

Nilikaa wiki mbili bila kugusa kitu. Halafu nikasoma vizuri kitu nilichokiruka mwanzoni. Mafuta yanashindwa kutenganisha ndugu, lakini yanatenganisha koo. Ngano ya mkate na ngano ya durumu, ile ngumu ya tambi, zina tofauti moja ambayo haitegemei shamba.

Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, zinaitwa A, B na D, jumla 42. Durumu ina A na B tu, 28. Kwenye kromosomu ya 7 ya seti D kuna jeni linalofanya mmea uunganishe sitosteroli (ndugu wa kolesteroli kwenye mimea) na asidi ya palmitiki, kinachotoka kinaitwa sitosteroli palmiteti. Durumu haina D, kwa hiyo sitosteroli palmiteti haimo, au imo kidogo mno. Mwaka 1930 Walde na Mangels kule Marekani waliona kwamba ukikamua unga wa ngano ya mkate kwa asetoni kisha ukaipoza, kuna kitu cheupe kinaganda, ya durumu inabaki safi. Asetoni na friji! Mimi hapa nimetumia laki tatu kwenye karatasi za taka.

Rafiki yangu alikuwa Addis Ababa, nimemwomba aniletee kilo mbili za durumu. Ethiopia wamelima durumu tangu zamani sana na wanazo za kila rangi, ameniletea nyeupe na ya zambarau.

13 Januari 2024 – friji

Gramu 20 za unga, mililita 60 za asetoni, tikisa, acha saa moja, chuja, punguza mpaka mililita 8, weka kwenye baridi usiku mzima.

Jaribio la kwanza: zote zimekuwa maziwa. Chiriku maziwa, durumu nyeupe maziwa, durumu ya zambarau maziwa. Nikakaa chini.

Makosa yalikuwa mawili. Asetoni niliinunua duka la rangi, elfu 25 lita, na ina maji ndani, na asetoni yenye maji ikipoa inayatema mafuta ya aina zote. Pili niliweka friza badala ya friji nikidhani baridi zaidi ni bora zaidi. Nikabadilisha vyote viwili kwa pamoja, ikafanya kazi, halafu nikagundua sijui kipi kilikuwa kinaharibu, kosa la mtoto wa form two. Nikarudi nyuma nikajaribu kimoja kimoja. Asetoni nzuri (elfu 60) ndani ya friza: durumu inakuwa na ukungu kidogo ambao unapotea ukiiacha mezani dakika kumi. Asetoni ya duka la rangi ndani ya friji: maziwa kila mahali, hayapotei. Kwa hiyo mbaya zaidi ni maji. Kama huna hela ya asetoni nzuri, ile mbaya unaweza kuitikisa na salfeti ya sodiamu kavu ikanyonya maji, nimejaribu, inasaidia japo si kwa asilimia mia.

Na chuja kabla ya kupoza, chuja mara mbili, vumbi la unga likikaa chini utajidanganya.

Ikienda sawa inapendeza sana aisee. Asubuhi unafungua friji, Chiriku ina vichembe vyeupe chini kama sukari ya unga, durumu ni kama chai ya rangi iliyochujwa. Zile mbegu nne zote, mashamba yote matatu, zimeganda. Durumu zote mbili safi.

10 Februari 2024 – nitreti ya fedha

Shida ya friji ni kwamba inakujibu ndiyo au hapana tu, na mchanganyiko mdogo hauonekani. Nimetengeneza michanganyiko yangu, durumu yenye ngano ya mkate asilimia 0, 5, 10, 20, 50. Friji imeona 50 na 20. Kwenye 10 nilitaka kuiona, nadhani niliiona kwa sababu nilijua ipo, dada yangu niliyemficha lebo hakuiona.

Kwa hiyo mabamba ya silika: unadondoshea mafuta chini ya bamba, unalisimamisha kwenye tangi lenye kimiminika, kikipanda kinayabeba na kuyatenganisha kuwa madoa. Kwenye bamba la kawaida esta zote za sitosteroli (sitosteroli iliyounganishwa na asidi ya mafuta) zinapanda pamoja juu kabisa, na durumu nayo inazo esta, ila zake ni za linoleiki, kwa hiyo unaona doa kwenye zote mbili hujui la nani. Dawa ni kuloweka bamba kwenye nitreti ya fedha. Fedha inayashika mafuta yasiyoshiba, kwa hiyo linoleiki inabaki chini na palmitiki ambayo imeshiba inapita inaenda juu. Kama kipimo nimetumia kolesteroli palmiteti, ni rahisi zaidi kuipata na inatembea karibu sawa.

Mabamba manne ya kwanza yamegeuka meusi yote, nitreti ya fedha haitaki mwanga na mimi niliyaacha yakauke dirishani. Vidole vyangu navyo vilikuwa vyeusi wiki nzima, nikashikwa mkono kanisani na mtu akauangalia wake. Glavu, jamani. Sasa nakaushia gizani, tangi nalifunika kwa foili, na naloweka yale tu nitakayotumia siku hiyo. Kuona madoa napuliza asidi ya salfuriki iliyopunguzwa nusu kisha napasha moto, esta za steroli zinakuwa za zambarau kwanza kabla ya kila kitu kuungua kahawia, kwa hiyo usiondoke, kaa na simu upige picha.

Asilimia 10 inaonekana wazi, na dada ambaye haoni lebo ameipata mara tano kati ya tano. Asilimia 5 mara tatu kati ya tano, hiyo ni kubahatisha tu. Italia wana sheria tangu 1967 kwamba tambi kavu lazima ziwe za durumu, na wanavumilia asilimia 3 tu ya ngano ya mkate. Hapo kwenye 3 mimi sifiki, wao wanatumia GC au vinasaba.

9 Machi 2024 – tambi

Nikanunua pakiti tatu za tambi zinazosema durumu kwenye karatasi (tambi zetu nyingi zinaandikwa ngano tu, hizo hazidanganyi mtu), nikasaga, nikakamua kwa asetoni. Karibu hakuna kitu. Hekseni, karibu hakuna kitu. Nikajua nimeharibu, nikarudia, hivyo hivyo.

Ni lile jambo la Septemba limerudi. Unga ukikandwa na maji mafuta huru yanajifunga kwenye protini, tambi ikikaushwa ndo yamefungiwa humo. Dawa ni butanoli iliyoshibishwa maji, hiyo inayafungua. Inanuka vibaya na haipai kirahisi, inachemka nyuzi 117, niliazima kivukizo cha kuzunguka na bado ilichukua mchana mzima.

Bamba limetoka hivi: pakiti mbili safi. Ya tatu ina doa la palmiteti, ukilinganisha na michanganyiko yangu linakaa kati ya 10 na 20. Jina siliandiki, pakiti moja kutoka duka moja si ushahidi wa kitu, na vumbi la kinu changu ambacho kimesaga ngano ya mkate miezi sita nalo nalishuku.

30 Machi 2024 – gharama na nilipofikia

Hekseni lita 2.5 ni 190,000. Methanoli 95,000. Asetoni mbili 85,000. Nitreti ya fedha 140,000. Mabamba 310,000. Butanoli 70,000. Kinu 85,000. Nauli 120,000. GC shoti 50, 750,000. Jumla shilingi 1,845,000, na asidi ya salfuriki ya kuomba. Anayetaka jibu la durumu au siyo tu, bila GC, asetoni nzuri na friji ya nyumbani haizidi laki moja.

Nimenunua kinu cha pili, elfu 85 nyingine ambayo haimo kwenye hesabu hiyo, kwa ajili ya durumu peke yake. Pakiti nne mpya za tambi ile ya tatu, kutoka maduka manne, ziko mezani, dada ameshabandika namba juu yake na lebo kaficha kwenye pochi yake. Bamba linakauka gizani.